Mjane Aliyepeleka Hukumu Hospitali

Vijana wangu makarani, kabla hamjafungua hayo madaftari yenu, acheni niungame kosa langu. Mimi, karani wa mahakama niliyekuwa nikisifiwa mwandiko wilaya nzima, niliwahi kumsomea mjane haki yake vizuri kabisa, naye akatoka hapo akaenda kupimwa presha.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nacheka sasa. Siku yenyewe sikucheka, au tuseme nilicheka kidogo halafu nikanyamaza ghafla.

Jina langu Nkwabi, mzaliwa wa Mkula, kule Busega. Nilifanya ukarani katika Mahakama ya Mwanzo, kwenye kituo kimoja kidogo nje ya Bariadi, mpaka nywele zikawa hivi mnavyoziona. Karani ndiye anayepokea malalamiko, anafungua majalada, anaita majina mlangoni na kugonga muhuri. Muhuri ndio ulikuwa fahari yangu. Niligonga mara moja tu, haukupinda wala wino haukuvuja. Nilidhani kazi ya mahakama inaishia pale muhuri unapokauka.

Hakimu wetu alikuwa Mheshimiwa Mbaruku, mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Watu wetu nyumbani wanaongea Kisukuma. Kiswahili wanacho, lakini ni cha sokoni na cha shuleni, si kile cha Mheshimiwa. Siku moja mzee Luhende alileta kesi ya mpaka wa shamba. Sasa ninyi mmesoma, mnajua kwamba Mahakama ya Mwanzo haisikilizi kesi za ardhi, zina mabaraza yake. Mheshimiwa akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Shauri hili limetupwa."

Mzee akatoka. Baada ya muda nikaenda nyuma ya jengo kunawa mikono, nikamkuta anazunguka shimo la taka na fimbo yake, anapekua makaratasi.

"Ng'wadila, baba," nikamsalimu. "Umepoteza kitu?"

"Natafuta kesi yangu. Hakimu kasema ameitupa. Nataka niiokote kabla upepo haujaipeleka."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia, "Mzee, nenda nyumbani, imekwisha." Kumbe haikuwa imekwisha! Alitakiwa kwenda kwenye baraza la ardhi, na sentensi moja yangu ingemfikisha huko. Mimi nikampa kicheko. Aliupata mpaka wake baadaye sana, baada ya mpwa wake anayeishi Maswa kumweleza njia. Nikiwakumbuka watu niliowakosea, yule mzee na fimbo yake yuko mstari wa mbele.

Lakini huyo hakunifundisha. Nilikuwa mgumu, ilibidi nifundishwe na Milembe.

Milembe alikuwa mwanamke wa kijiji cha jirani, mwenye watoto watatu na mikono ya mtu anayelima kweli. Mumewe, Maduhu, alifariki kwa ugonjwa wa ghafla. Aliacha shamba la pamba na mahindi, nyumba ya bati, na ng'ombe wanne wa kulimia. Kwa wenzetu wa mjini ng'ombe wanne ni mifugo tu. Kwa Milembe wale ng'ombe walikuwa ndio kilimo chenyewe. Mvua ikianza na huna ng'ombe wa plau, unalima kwa jembe la mkono, na watoto wanakula kwa kubahatisha.

Shemeji yake Jilala, mdogo wa marehemu, akaja mahakamani kuomba kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuwa mtu mbaya, nataka mnielewe. Alikuwa mtu aliyekuta mambo yanafanywa hivyo tangu kwa babu zake, kwamba mume akifa mali inarudi kwa ndugu, na mjane anarudi kwao. Alileta muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa vizuri, na chini kabisa kuna alama ya kidole gumba cha Milembe. Muhtasari ulisema mjane ameridhia.

Milembe alisimama mbele ya Mheshimiwa akasema, "Mimi sikubali." Akaulizwa, "Hiki kidole ni chako?" Akasema ndiyo. Akaulizwa, "Una la kuongeza?" Akarudia, "Sikubali." Basi. Jilala akateuliwa.

Baada ya hukumu nilimwita mezani kwangu. Nikamsomea kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya kikazi, bila kumtazama usoni: "Asiyeridhika na uamuzi huu ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya, Bariadi, ndani ya siku thelathini kuanzia leo." Nikagonga muhuri wangu ulionyooka, nikampa nakala yake. Nikaita jina linalofuata.

Zikapita zaidi ya wiki tatu. Asubuhi moja namwona Milembe anaingia uwanjani kwetu anatabasamu, ana kapu la matobolwa kichwani. Mnajua matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ukivila na chai husahau. Akaweka kapu mezani kwangu.

"Ng'wangaluka, karani. Wabeja sana, asante. Nimeshinda."

"Umeshinda nini, mayu, mama yangu?"

"Rufaa."

Nikashangaa. Rufaa iliyosikilizwa na kuamuliwa ndani ya wiki tatu? Nikamwambia, "Hebu nionyeshe karatasi." Akafungua fundo la kanga akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Presha sawa. Malaria hakuna. Mkojo safi.

"Nilipanda bodaboda pale stendi ya Bariadi," akaeleza kwa furaha. "Kijana akaniuliza wapi, nikamwambia Rufaa. Akanifikisha. Siku ya kwanza foleni ilikuwa ndefu, nikarudi. Siku ya pili wakaniambia nianze kwenye zahanati ya kwetu, wanipe barua. Nikaenda zahanati nikawaambia moyo wangu unauma tangu mume wangu afe na ng'ombe wanachukuliwa. Wakanipa barua. Siku ya tatu daktari akanipima kila kitu, akasema, 'Mama, huna tatizo lolote. Rudi nyumbani ukaendelee na kazi zako.' Basi nikajua haki yangu imepatikana."

Hapo ndipo nilipocheka kidogo. Halafu akaongeza, "Ila jana Jilala kaja kuwaangalia ng'ombe. Anasema wiki ijayo anawahamishia kwake, na mimi nitafute pa kwenda. Nikamwambia nimeshinda, hanisikii. Nimekuja unipe barua ya kumwonyesha."

Kicheko kikanikauka. Nilitazama kalenda ya ukutani, nikahesabu kwa kidole. Siku ya ishirini na nne. Zilibaki sita.

Nikaingia kwa Mheshimiwa na ile karatasi ya presha. Nilidhani atacheka. Akaisoma yote, hata sehemu ya mkojo. Akavua miwani.

"Nkwabi, ulimwambia haki yake, au ulimsomea?"

"Nilimsomea, Mheshimiwa."

"Basi hajaambiwa."

Nilijitetea. Nikasema sheria inanitaka nimjulishe, nami nilimjulisha. Akasema, "Ulijulisha karatasi." Halafu akasema kwamba yeye ndiye aliyetoa hukumu na mimi ni karani wake, hivyo hatuwezi kumwandikia mtu rufaa ya kutupinga sisi wenyewe. "Lakini kumwonyesha mtu mlango si kumbeba mgongoni. Mwonyeshe mlango. Safari hii hakikisha ameuona."

Nikatoka, nikavuta kiti changu kutoka nyuma ya meza, nikakaa upande wake. Nawaambia vijana, hiyo peke yake ilikuwa elimu. Miaka yote nilikuwa sijawahi kukaa upande ule wa meza. Ukikaa pale unaona kwamba dirisha linakupiga jua usoni, na karani unamwona kivuli tu.

Nikamweleza kwa Kisukuma. Kwamba hakuna aliyeshinda bado. Kwamba kuna mahakama kubwa kuliko hii, ambayo inaweza kuangalia kama hii imekosea. Akafikiri, halafu akaniuliza jambo ambalo nimelitumia kufundishia watu tangu siku hiyo.

"Yaani kama zahanati ikishindwa kunitibu, inanipeleka hospitali kubwa. Na mahakama ndogo ikishindwa, naipeleka kesi mahakama kubwa?"

"Ndiyo hivyo hasa."

"Sasa mbona hukusema? Mimi nilipeleka mwili, kumbe mgonjwa ni kesi!"

Tukacheka wote wawili, mpaka watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakaanza kucheka bila kujua sababu. Akanisukumia lile kapu la matobolwa. Nikamwambia, mayu, mtumishi wa mahakama hapokei zawadi. Akakasirika kweli. Nilikosa chakula kizuri siku ile kwa sababu ya maadili ya kazi, na mpaka leo sijasahau.

Kule Bariadi tangu mji ulipofanywa makao ya mkoa kumejaa maofisi, lakini kuna ofisi moja ndogo karibu na stendi, alimokuwa akikaa Pendo, mwalimu mstaafu aliyesomea usaidizi wa kisheria. Kwa huyo ndiko nilikomwelekeza Milembe. Safari hii nilisimama barabarani mimi mwenyewe, nikamwambia mwendesha bodaboda, "Umpeleke kwa Mwalimu Pendo. Akikuambia Rufaa, usikubali."

Pendo alimuuliza swali ambalo sisi mahakamani, pamoja na joho na muhuri, hatukumuuliza. "Hiki kidole ulikiweka siku gani?"

"Siku ya kuondoa matanga," akajibu Milembe. "Waliniambia ni orodha ya waliohudhuria msiba."

Sababu ya rufaa ikapatikana hapo. Mjane hakusomewa alichokiwekea kidole, na mahakama haikuuliza alikiwekaje. Rufaa ikafunguliwa siku ya ishirini na nane, pamoja na ombi kwamba ng'ombe wasiguswe mpaka mambo yaishe. Jilala alipopelekewa barua ya mahakama, alikuwa ameshanunua kamba za ng'ombe.

Sitawachosha na tarehe za kuahirishwa. Mwishowe Mahakama ya Wilaya ikatengua uteuzi wa Jilala, ikaagiza ukoo ukae upya, mjane akiwepo na akieleweshwa, na shauri lisikilizwe tena mbele ya hakimu mwingine. Jalada liliporudi kwetu niliogopa kumpelekea Mheshimiwa. Nani anapenda kuambiwa amekosea, tena kwa maandishi? Akasoma ukurasa kwa ukurasa. Halafu akaanza kucheka, na hakuwa mtu wa kucheka ofisini.

"Nkwabi, leo nimepinduliwa."

"Pole, Mheshimiwa."

"Pole ya nini? Mtu niliyemkosea amejua pa kwenda kunisahihisha. Ningependa kukosolewa hivi kuliko kusifiwa na watu wasiojua." Akaagiza chai kwa ofisi nzima, na tarishi akapata vitumbua.

Kile kikao cha pili cha ukoo sikuhudhuria, haikuwa kazi yangu, lakini mzee mmoja wa ukoo alinisimulia huku anatikisa kichwa. Milembe alikaa kwenye kigoda katikati ya wanaume. Katibu akasoma muhtasari. Milembe akasema, "Soma tena, kwa Kisukuma." Akasoma. Yeye akasema, "Sasa asome mtu mwingine, nione kama maneno ni yale yale." Akasoma mwingine. Wazee wawili walikuwa wameshasinzia. Walipofika kwenye maneno "mjane ameridhia", akawasimamisha.

"Mmeandika kabla hamjaniuliza. Futeni hapo. Niulizeni kwanza."

Ikafutwa. Akaulizwa. Akasema anataka kusimamia mali ya mumewe kwa ajili ya watoto wake, ambao ni watoto wa ukoo huo huo, na kwamba hana pa kuipeleka mali hiyo isipokuwa midomoni mwao. Mzee mkubwa wa ukoo, ambaye wote walidhani amesinzia, akasema bila kufumbua macho, "Hapo pa midomoni paandikwe pia." Ikaandikwa. Hakimu mwingine akamteua Milembe. Mvua za mwaka ule alilima kwa ng'ombe wake wanne, na nilipopita na baiskeli alinipungia mkono kutoka nyuma ya plau.

Sasa nisikilizeni, maana nimewaita kwa sababu ya hili. Baada ya mambo hayo Mheshimiwa Mbaruku aliniagiza tuanze kutoa elimu ya sheria nje ya mahakama, kwa wote, wenye kesi na wasio na kesi. Mara ya kwanza nilikwenda mnadani, siku ya mnada wa ng'ombe, na spika ya kuazima na vipeperushi. Nikasoma vifungu saa nzima. Waliobaki kunisikiliza walikuwa watu wawili, na mmoja alikuwa mwenye spika. Vipeperushi nikavikuta baadaye vimefungiwa karanga.

Nikamwendea Milembe. Nikamwambia, mayu, nisaidie. Akakubali kwa sharti moja, kwamba safari hii nile matobolwa, kwa kuwa hana tena kesi kwangu. Nikala.

Mnada uliofuata alipanda juu ya mkokoteni, akasimulia mwenyewe alivyokwenda kupimwa mkojo akidhani anakata rufaa. Watu waliacha ng'ombe zao! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakati bado wamefungua midomo kwa kicheko, yeye akawatia sheria ndani. Hakusema siku thelathini. Alisema, "Hesabuni minada. Hukumu ikitoka, mnada wa nne usipite hujafika mahakama kubwa." Mnada huwa kila wiki, na kila mtu kule anaihesabu minada, hakuna anayeikosea. Kuhusu kidole gumba alisema, "Kidole chako ni mdomo wako. Usikiache kiseme maneno ambayo wewe hujayasikia." Mimi nilisomea ukarani, nikahudhuria semina nyingi, na hakuna aliyewahi kunipa sentensi kama hiyo.

Ninyi mna simu. Siku hizi kesi zinafunguliwa kwa mtandao, hukumu inafika kwa ujumbe mtu akiwa shambani. Ni jambo zuri, sisi tulikuwa tunabeba majalada kwenye baiskeli na mvua ikituona. Lakini ujumbe unaweza kufika kwenye simu na usifike kichwani. Mkishamweleza mtu haki yake, msimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo kwa heshima tu, hata kama hajaelewa neno. Mwambieni, "Ukifika nyumbani, mwenzako akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?" Halafu nyamazeni msikilize. Hapo ndipo mtakaposikia hospitali zote mlizowapeleka watu bila kujua. Na msalimieni mtu mpaka salamu iishe. Karani mwenye haraka ya salamu hupata nusu ya habari.

Tuliendelea na ile kazi ya minadani, mimi na Milembe, na Pendo akijumuika, hata baada ya mimi kustaafu. Siku moja, watu wamejaa, Milembe anaeleza habari za wosia, nikamwona Jilala nyuma kabisa, ameegemea fimbo yake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Sikujua amekuja kwa heri au kwa shari. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wote wawili mahali pamoja tangu mahakamani. Nikasogea taratibu upande wake.

Akanyoosha mkono. Watu waliomfahamu wakageuka.

"Mimi nina ndugu wanne," akasema. "Nikifa leo, mke wangu watamfanya nini?"

Milembe alimtazama kutoka juu ya mkokoteni. 

"Shemeji," akasema, "watamfanya kama ulivyonifanya mimi."

Mtu mmoja akaguna. Jilala akainamisha uso, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Akacheka kwa sauti, na uwanja mzima ukaachia kicheko, na Milembe juu ya mkokoteni akajishika kiuno, anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kweli umenijibu," Jilala akasema kicheko kilipotulia. "Basi nieleze pa kwenda kuandika wosia."

Milembe akamweleza, taratibu, tangu mwanzo mpaka mwisho, aende kwa Pendo pamoja na nani, ashuhudiwe na nani, wosia auweke wapi. Akamfanya arudie. Jilala akarudia akikosea, watu wakamsahihisha, watu ambao hawakuwahi kuingia darasa lolote la sheria. Mimi nilikaa juu ya gunia la mtu, sikuombwa neno hata moja, na sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo kazini.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimekaa ofisini kwa Pendo tukinywa chai. Tukawaona wanakuja kutoka stendi, Jilala na mkewe. Mke ndiye aliyekuwa mbele.